Majina Bado Hayajatoka

Hilaria alizaliwa hapa Izia, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mimi nilikuwepo. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nasimulia mambo ya kuokota njiani. Naitwa Bertilla, nauza maharage sokoni, Sumbawanga mjini, na wanaonijua wanajua tabia yangu: maharage nayachambua, maneno siyachambui. Nayamwaga pamoja na mawe yake. Anayetaka habari ya kumbembeleza aende kwa mwingine.

Mama yake anaitwa Avelina. Baba yake, Evaristi, alikufa mapema, na kama ningekuwa na nafasi ningekueleza pombe yetu ya kimpumu ilivyommaliza, lakini marehemu hana kazi katika habari hii. Aliacha mke, mabinti wawili na shamba la mahindi na ulezi upande wa Mollo. Binti mkubwa alikuwa Coleta. Mdogo ndiye Hilaria.

Coleta lazima nimtaje, maana bila yeye hutaelewa upumbavu uliofuata. Alipokuwa msichana mbichi kabisa walikuja mtaani watu wawili, mwanamume na mkewe, wakawa wanapita wakiuliza. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Kabla ya posa hutumwa watu wa kuuchunguza ukoo. Je, kuna kifafa? Kuna wazimu? Bibi yao si mchawi? Binti hana mkono mrefu? Wanauliza kwa majirani, halafu wanafika kwa mama mwenyewe wakijifanya wapita njia wanaoomba maji ya kunywa. Avelina aliwatambua mara moja, akafurahi, akamsifu mwanawe mpaka mate yakamkauka. Ni mpole, ni mchapakazi, hajibu hata akipigwa. Hilo la mwisho walilipenda kuliko yote. Coleta akaolewa huko Laela, na mwaka uliofuata akarudishwa nyuma ya pikapu, amefunikwa blanketi. Mume alisema aliteleza kisimani. Sisi tuliomwosha tuliona alama za hicho kisima, zilikuwa na umbo la mkanda.

Baada ya matanga Avelina alinishika mkono akasema, "Bertilla, mimi ndiye niliyemuuza. Nilimnadi kama mbuzi mnadani, wakamchukua. Huyu aliyebaki, akija mtu kumuulizia, sitamsifu. Nitamtia matope mpaka wakimbie."

Nilimwambia anyamaze, uchungu unamsemea. Kumbe alikuwa anaweka nadhiri.

Hilaria alikua mtoto wa macho. Mdomo alikuwa nao, lakini aliutumia kwa kula. Alijua kuku wa nani anataga kichaka kipi, alijua mume wa nani anatokea mlango gani, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwake. Akiwa darasa la sita, kioo cha dirisha la shule kilivunjwa. Mwalimu alijua Hilaria ameona, akamwambia ataje. Hakutaja. Akachapwa mbele ya shule nzima, siku hiyo na kesho yake, mpaka mwalimu mwenyewe akachoka mkono. Aliyevunja kioo ni Anjela, binti wa jirani yetu Fransiska, na sote tulilijua hilo baadaye kwa sababu Anjela mwenyewe alijisifu. Fransiska hakuja hata kusema pole. Likumbuke jina hilo, Fransiska, tutarudi kwake.

Akasoma, akafika chuo, akachukua shahada ya mambo ya kompyuta huko Dodoma, kisha akarudi nyumbani na shahada yake kama wenzake wote, akakaa nayo. Kazi aliyoipata ni katika duka la steshenari huko Chanji, kwa mzee mmoja anaitwa Christopha, kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Yeye asiye na kazi ya maana ndiye aliyewaandikia wengine sifa zao. Hakulalamika. Hilo nalo liliniudhi, mimi nawapenda watu wanaolalamika, unajua wamesimama wapi.

Ndipo likatoka tangazo. Jeshi linataka vijana wenye shahada, wachujwe, wachache wafundishwe kuwa maofisa wa upelelezi na taarifa: watu wa kusoma mwenendo wa adui, kujua uvumi umeanzia wapi na nani anaulisha, kuuzima kabla haujaua watu. Masharti yalikuwa afya njema, tabia njema, awe hajaoa wala hajaolewa, awe hana mtoto. Hilaria alimsomea mama yake tangazo lile kwenye simu. Avelina aliyasikia yote, lakini lililomkaa kichwani ni moja: asiwe ameolewa.

Nilimuuliza Hilaria anatafuta nini jeshini, msichana kama yeye. Alikuwa ananisaidia kupakia maharage kwenye magunia.

"Mama mdogo," akasema, "tangu nizaliwe naona vitu, halafu vinaishia tumboni. Nataka mahali ambapo kuona ndiyo kazi yenyewe."

Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kabla ya hapo. Macho yake yalikuwa yanawaka, na nikaona huruma, maana mtu anayetaka kitu namna ile anakuwa amempa kila mtu fimbo ya kumpigia.

Akaanza mazoezi. Asubuhi, baridi ya mwezi wa sita inauma masikio, alikuwa anakimbia kutoka Izia kuelekea Mollo na kurudi, mvuke unamtoka mdomoni. Wanawake wanaokwenda mashambani waliangua vicheko. Fransiska alisimama mlangoni kwake na ungo mkononi akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu anamkimbia nani? Mbona hakuna anayemfukuza?" Avelina alitoka na mwiko akamjibu ambayo siwezi kuyaandika, na Hilaria akaendelea kukimbia.

Aliitwa kwenye usaili, kambi moja upande wa Mbeya. Mbio alishinda wavulana. Karatasi alifaulu. Daktari alimpapasa, akampima, akampitisha. Kisha akaingizwa mbele ya maofisa waliokaa nyuma ya meza ndefu. Mmoja alipoona anatoka wapi akacheka. "Sumbawanga! Huyu tukimkataa si atatupiga radi?" Wote wakacheka, naye akacheka nao, maana Mfipa akitoka nje ya mkoa lazima ajifunze kuucheka mzaha huo wa uchawi kila siku ya maisha yake.

Wakamuuliza: mji wako umeingiwa na uvumi mbaya, utauzimaje? Akajibu kwamba uvumi hauzimwi kwa kukanusha, anayekanusha anautembeza. Atamtafuta aliyeusema mara ya kwanza, ajue kwa nini aliusema, na hapo ndipo atakapoukatia mzizi. Jibu hilo waliliandika. Alinieleza mwenyewe, kwa furaha, alivyoona kalamu zote zinainama pamoja.

Mwisho wakamwambia jambo moja. Watu watatumwa nyumbani kwenu kuuliza habari zako. Hutajua ni akina nani wala watakuja lini. Ukimdokeza mtu yeyote, hata mama yako mzazi, umejitoa mwenyewe.

Hilaria aliyekula fimbo kwa ajili ya kioo cha mtu mwingine, unadhani alimdokeza mama yake? Alimpigia simu akasema, "Mama, nimepita, nabaki huku kidogo kwa mafunzo ya majaribio, wewe niombee." Basi. Siri ile aliitunza vizuri kuliko pesa benki, na ndiyo iliyomla.

Wale watu wakaja mwezi wa saba, tunapukuchua mahindi. Wanaume wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, nguo za kawaida, viatu vyeusi vinavyong'aa katikati ya vumbi letu. Wakaanzia kwa Fransiska, aliyekuwa anaanika ulezi. Sasa sikiliza walivyosema, maana walidhani ni werevu. Walisema wanatoka upande wa Mpanda, wana mdogo wao mwalimu amempenda binti wa hapa, Hilaria, na wao wametumwa kuutazama ukoo. Nadhani kwao waliona ndiyo njia nzuri. Mtu akiulizwa na serikali anafunga mdomo, lakini akiulizwa habari za posa anafunguka mpaka utumbo. Wangejua habari za Coleta wangekuja hata na magwanda.

Fransiska hakuwajibu siku hiyo. Kwetu mtoto wa mwenzio humsemi kwa mgeni kabla mama yake hajajua. Akawaambia warudi kesho, kuna msiba jirani, watu hawapo. Walipogeuka tu akavuka kwa Avelina. "Mwenzangu, wamekuja kumchunguza mwanao. Kwa posa."

Mimi siku hizo nilikuwa Laela kununua maharage. Usiniulize kama ningekuwepo ningefanya nini. Ningefanya kama wenzangu.

Avelina alivaa kitenge akapita nyumba kwa nyumba. Aliwapigia watu magoti. "Jamani, wakimchukua Hilaria sasa hivi, jeshi limekwenda. Wanataka ambaye hajaolewa. Na mnajua walivyomfanya Coleta. Nisaidieni nimchafue mwanangu." Watu wakakubali. Kusaidia kulima mtu anatafuta udhuru, kusaidia kuchafua mtu anakuja na jembe lake. Wakagawana. Fransiska akachukua kifafa. Baltazari, fundi baiskeli, akachukua ulevi. Mwenyekiti wa mtaa, Felisiani, ambaye ndiye aliyemgongea Hilaria muhuri kwenye barua ya utambulisho na kumwandikia kwamba ni raia mwema, akachukua mdomo: kwamba msichana huyu hawezi kufunga siri hata ya nyumbani kwao. Avelina mwenyewe akajiwekea uchawi.

Asubuhi wageni wakarudi, na mtaa wa Izia ukacheza ngoma ambayo haijawahi kuchezwa. Baltazari alieleza alivyomwokota mtaroni. Felisiani alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kiongozi. Lakini Fransiska aliwashinda wote. Alijilaza chini, juu ya mkeka wa ulezi, akatupa miguu, akageuza macho, akatoa povu, akaonyesha namna Hilaria anavyoanguka. Wanasema alipoinuka alikuwa anahema, amependeza, kama mtu aliyetoka kuoga. Miaka yote ile ya kumwona mtoto wa mwenzake akimpita wa kwake ilikuwa imepata pa kutokea, tena kwa baraka za mama mwenyewe.

Mwisho wakafika kwa Avelina, wakaomba maji. Akawapa maji, hakuwapa chakula. Akawaambia mama mkwe wake alifukuzwa kijijini kwa uchawi na mjukuu ameurithi mkoba.

Yule mfupi alimtazama sana. "Mama, huyu ni binti yako wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, baba."

"Na unayasema haya mwenyewe?"

Avelina akakunja mikono kifuani. "Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Wakashukuru. Yule mrefu alisema, "Umetusaidia sana, mama," wakaenda zao. Avelina alisubiri vumbi litulie, kisha akapiga vigelegele. Wanawake wakatoka, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Hilaria aliporudi hawakumwambia, wasimvuruge akili anangojea majina. Yeye naye hakuwaambia lake. Walikaa mezani mama na mwana, kila mmoja amefunga siri kwa faida ya mwenzake, wanakula ugali wa ulezi na dagaa wa Kasanga, wanatabasamu.

Majina yakatoka. La Hilaria halikuwemo.

Alipanda basi kwenda kambini kuuliza, jambo ambalo watu hawafanyi. Getini alikaa tangu asubuhi, mpaka akatoka sajenti mmoja mwanamke, aliyemsimamia kwenye mbio. Alimpeleka pembeni. "Mdogo wangu, nakwambia kwa sababu nilikupenda. Mbio ulifaulu, karatasi ulifaulu, daktari ulifaulu. Umefeli kwenu. Watu walikwenda, na kila nyumba ilikusema vibaya. Hata mama yako. Nenda, na usiombe tena, jina lako limeshawekewa alama."

"Mama yangu alisema nini?"

"Nenda, mdogo wangu."

Safari ile ya kurudi sijui alifikiri nini, hakunieleza. Alifika jioni, akatukuta mimi na Avelina uani tunapukuchua, akachukua kibao akakaa, akashika gunzi. Alisema tu kwamba hakuchaguliwa. Avelina aliangusha mahindi akamkumbatia, akalia, kisha akatafuta la kumfariji. Na masikini, la kumfariji alilokuwa nalo ni lile.

"Usilie, mwanangu," akasema, ingawa aliyelia ni yeye. "Mwakani utaomba tena. Afadhali bado hujaolewa. Unajua nimekuokoa? Mwezi ule uko Mbeya walikuja watu wa posa." Akaanza kusimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo kicheko kilivyompanda. Alimwigiza Baltazari, akamwigiza Felisiani. Alipofika kwa Fransiska na mkeka wa ulezi alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Hilaria aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaanguka mfululizo, hazikukatika hata mara moja. Alipomaliza gunzi lile akaliweka chini.

"Walivaa viatu gani, mama?"

"Vyeusi. Viking'aa huwezi kuamini, na vumbi hili."

Hilaria akamtazama. Namfahamu msichana yule tangu kitovu chake hakijakauka, na sikuwahi kuuona uso ule.

"Mama," akasema taratibu, "nafasi ile ungeomba wewe. Ungepata. Umewadanganya wapelelezi wa jeshi, ukafundisha mtaa mzima kusema neno moja, na hakuna aliyeropoka. Mimi nilikuwa sifai. Wewe ndiye waliyekuwa wanakutafuta."

Avelina aliendelea kutabasamu kwa muda, akidhani anasifiwa. Kisha nikaliona tabasamu likimwishia usoni kidogo kidogo, na sitaki kuliona jambo hilo tena. Hilaria aliingia ndani akafunga mlango. Hakugombana, hakutukana. Angetukana ingekuwa nafuu.

Kesho yake Avelina alianza kufuta. Alipita nyumba kwa nyumba, zile zile, na nyingine ambazo hazikuhusika, akisema yale ya mwezi wa saba yalikuwa uwongo, mwanangu hana kifafa, si mlevi, si mchawi. Wasiojua wakajua. Waliojua wakatazamana: mbona anakana sana? Wafipa tunajua kufukia majani ndani ya tuta, yaoze, mahindi yapate nguvu. Uwongo ule ulikuwa umefukiwa vizuri, na mvua ya kwanza ilipokuja ukaota. Christopha wa steshenari alimwita Hilaria akamwambia kwa upole kwamba pale dukani pana mashine na nyaya, mtu akianguka ghafla itakuwa hatari. Akamshukuru kwa kazi yake nzuri. Kule kisimani akina mama wakaanza kuwaita watoto wao pembeni Hilaria akiinama kuchota. Anjela, yule wa kioo, alisema wazi kwamba hata shuleni aliwahi kumwona akitetemeka. Na Fransiska, nilipomkabili sokoni mbele ya watu, aliniambia, "Mimi niliombwa na mama yake. Lakini nikwambie kweli, Bertilla? Siku ile nilipokuwa naigiza nilijiuliza, hii naijulia wapi? Si lazima niliwahi kuiona kwake?" Nilimrushia debe la maharage, nikapoteza maharage yangu bure.

Hilaria alikuwa amewaambia maofisa wale: anayekanusha anautembeza. Lakini hakumzuia mama yake. Alimwacha atembee.

Ilipoonekana mtaani hakufutiki, Avelina alikwenda Mbeya mwenyewe, kwenye lile geti. Alivaa sare ya wanawake wa parokia, akafunga kilemba, akabeba kuku. Kijana wa zamu alimwamkia vizuri, "Shikamoo, mama," akamsikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa naye akasikiliza.

"Kwa hiyo, mama, unasema uliwadanganya maofisa wetu."

"Niliwadanganya, baba. Nilidhani ni wa posa."

"Na leo unasema kweli."

"Leo kweli tupu."

"Sasa mama, mtu aliyedanganya jana nitajuaje leo hadanganyi? Na binti aliyelelewa na mama wa namna hiyo nimkabidhi siri za nchi?" Hakuwa na ukali, ndivyo Avelina alivyonieleza. Alimpa maji ya chupa, akamwagiza kijana amsindikize mpaka stendi. Kuku hawakumpokea, akarudi naye.

Tangu hapo Avelina anakaa barabarani. Akili haijamruka, nisieleweke vibaya. Analima, anapika, anakwenda misa, akikupa chenji haikosei. Lakini amejiwekea kichwani kwamba jeshi litarudi kuhakikisha, na safari hii litakuta ukweli. Kwa hiyo akimaliza kazi anatoa kigoda, anakaa mbele ya nyumba, anatazama viatu vya wapita njia, nyuso hazitazami tena. Bwana shamba alipita akasimamishwa, akaambiwa kwamba Hilaria ni mzima na hajawahi kuanguka. Wauza mbegu walipita, wakaambiwa. Wahubiri wawili waliomletea vitabu vya dini walisikia habari za mbio za Mollo mpaka wakasahau kuhubiri. Na Hilaria, ambaye sasa anakuja kunisaidia magunia sokoni kwa sababu hakuna mwingine anayempa kazi, anarudi jioni na kukuta mama yake anamnadi tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, nimalize.

Ilikuwa Jumapili, mvua zimeanza. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha kona hawakuwa na abiria, na kijana asiye na abiria ni shetani kasoro pembe. Kiongozi wao, Meshack, alikuwa ametoka kusimamia harusi ya mshikaji wake, ana viatu vyeusi vya kuazima. Akavifuta kwa kitambaa, akamchukua mwenzake, wakaenda kwa Avelina. Wengine wakabaki nyuma ya ukuta wa ua, simu mkononi, wanarekodi.

"Mama, shikamoo. Tumetumwa. Ni ile habari ya Hilaria."

Mimi nilikuwa natoka kanisani na Hilaria, tukawakuta. Wamekaa uani, wametolewa viti vya ndani, vile vyenye vitambaa. Wamepewa chai ya maziwa, mayai, mkate. Avelina amesimama mbele yao kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alikuwa anasema, "Hana, wanangu. Hana kifafa. Mimi ndiye niliyewadanganya wenzenu, niandikeni mimi." Na Meshack anaandika kwenye kiganja kwa kidole, mdomo ameubana asicheke.

Niliokota fimbo. Hilaria akanishika mkono akanizuia. Avelina alipomwona uso wake uling'aa wote. "Huyu hapa! Muulizeni mwenyewe!"

Wale wawili walishtuka. Walijua Hilaria anawafahamu mpaka majina ya mama zao, na wakangoja matusi. Hilaria aliweka kitabu chake cha nyimbo mezani. Akasimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni.

"Hilaria Evaristi, afande. Nipo tayari."

Meshack akamtazama mwenzake. Kwa kuwa alikuwa ameshauanza mchezo, na kwa kuwa wenzake walikuwa wanatazama, akakohoa. "Eeh... kwa nini unataka kazi hii?"

Akamjibu. Alimjibu kwa dhati, neno kwa neno, kama alivyowajibu wale wa meza ndefu: kwamba anaona vitu, kwamba anayoyajua huyatunza, kwamba hana hofu ya kuwa mbali na nyumbani. Nyuma ya ukuta mtu alicheka, kisha akaacha. Yule mwenzake wa Meshack aliweka mkate chini. Meshack hakuwa na swali la pili, akawa anatazama viatu vyake.

"Niulize kuhusu uvumi, afande," Hilaria akamsaidia.

"Uvumi," Meshack akasema, sauti imepungua. "Utauzimaje?"

"Mara ya kwanza nilijibu kwamba nitamtafuta aliyeusema kwanza, nijue kwa nini. Nilikosea. Nimempata na nimejua kwa nini. Alikuwa ananipenda. Hapo sijui kinachofuata, afande."

Vijana wale waliinuka. Meshack alisema, "Ahsante, dada," na hakumtazama. Walitoka bila kuchukua hata lile yai lililobaki, wakapita ukuta, na sikusikia pikipiki ikiwaka kwa muda mrefu.

Avelina alikuwa bado amesimama pale pale, vidole ameviingiza katika pindo la kitenge. Hakuwa na kicheko wala kilio, alikuwa anangoja tu, kama tunavyongoja sote watoto wanapotoka kwenye chumba cha mtihani.

"Umefaulu?" akauliza.

Hilaria alikuwa anakusanya vikombe. Angeweza kumwambia hapana, ikaisha, mwanamke yule akaingia ndani akapumzika. Angeweza kumwambia wale walikuwa ni bodaboda wa kona. Alivipanga vikombe kwenye sinia, akavitazama, akajibu bila kugeuka.

"Majina bado hayajatoka, mama."

Avelina akaitikia kwa kichwa. Akachukua kigoda chake, akatoka nacho nje, akakiweka mahali anapoiona barabara.